Kurudi nyumbani kwa njia ya milimani na wanyama wa njiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara watu wanapopanga kurudi nyumbani kwa kupanda na kushuka mlima badala ya kufuata barabara kuu ya bondeni, wakitarajia mandhari na, bahati ikiwepo, mnyama mmoja wawili. Yanaanza na ya kawaida, kisha yanaingia kwenye yale yasiyomtokea kila mtu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kuondoka

Niliipita njia hii wakati wa kwenda. Kuna haja ya kujiandaa tena?

Ipo, kwa sababu kurudi ni safari nyingine kabisa. Ulikopanda sasa utashuka, na kushuka ndiko kunakochosha breki. Upande wako wa barabara nao umebadilika: kama wakati wa kwenda ulikuwa umeegemea ukuta wa mlima, sasa uko ukingoni, korongo likiwa chini ya dirisha lako. Jua linakupiga kutoka upande mwingine. Huenda mzigo umeongezeka, na dereva amechoka.

Kubwa zaidi ni haraka. Anayekwenda matembezini husimama kila penye mandhari, ila anayerudi huhesabu kilomita. Na kwa kuwa watu wengi huondoka wakiwa wamechelewa, wanaikuta sehemu yenye wanyama wengi jua likizama, yaani saa ile ile wanyama wanapotoka. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unahusu namna ya kuikwepa saa hiyo, au ya kuipita polepole ukishindwa kuikwepa.

Niondoke saa ngapi?

Panga kuanzia mwisho. Tafuta saa ambayo jua linazama siku hiyo, toa saa moja na nusu, na hakikisha kwamba kufikia hapo umeshatoka kwenye sehemu ya kona na misitu. Kisha rudi nyuma hadi saa ya kuondoka.

Ukitaka kuona wanyama, ondoka kwa namna ambayo utafika eneo lao asubuhi, jua likiwa limechomoza tayari. Asubuhi ina faida ambayo jioni haina: mwanga unaongezeka kadiri unavyokwenda, na hata gari likikusumbua una siku nzima mbele yako.

Ramani inasema kilomita 150. Nitegemee saa ngapi?

Usitumie hesabu ya barabara tambarare. Kwenye kona nyingi, malori yanayopanda kwa gia ya kwanza na sehemu zenye ukungu, wastani wa kilomita 40 kwa saa ni wa kuridhisha. Kwa hiyo kilomita 150 ni karibu saa nne za kuendesha, na kama unakusudia kutazama wanyama ongeza angalau saa moja. Asiye na muda huo afuate njia ya bondeni. Nasema hivyo bila kejeli, maana barabara ya mlima si njia ya mkato.

Gari dogo la kawaida linafaa?

Kwenye lami, ndiyo. Kwenye changarawe inategemea mvua na kina cha mifereji iliyochimbika barabarani. Ziko njia chache zinazodai gari la magurudumu manne yanayovuta: mojawapo ni Sani Pass, inayopanda kutoka Afrika Kusini hadi Lesotho na kufika mita 2,876. Ulizia hali ya barabara siku hiyo hiyo, kwa mtu aliyeipita siku hiyo hiyo.

Nikague nini?

Breki kwanza. Pedi zisiwe zimeisha, na mafuta ya breki yasiwe ya zamani. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, na yakishaunyonya huchemka kwenye joto la chini zaidi. Yakichemka kwenye mabomba hutoa mapovu. Pedali inazama na gari halisimami. Ndiyo maana mafundi hushauri yabadilishwe takriban kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei sana.

Baada ya hapo angalia tairi pamoja na la akiba, maji ya rejeta (injini ikiwa baridi), vipangusa kioo, na taa zote. Jaza tangi ukiwa bado bondeni. Vituo vya mafuta huwa vichache juu, na kupanda hula mafuta kuliko unavyodhani.

Nibebe nini ndani ya gari?

Maji, tochi, kifaa cha huduma ya kwanza, pembetatu za tahadhari, na nguo nzito kwa kila abiria hata kama bondeni ni joto. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka bondeni kwenye nyuzi 28 na kufika juu kwa mita 2,000 zaidi, utakuta karibu 15, upepo hujauhesabu. Pakua ramani kwenye simu mapema. Mtandao hupotea nyuma ya vilima bila kukuaga.

## Mlima wenyewe

Gari limekosa nguvu tunapopanda. Limeharibika?

Huenda halina tatizo lolote. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukiwa mita 3,000, karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Shuka gia mapema, usilisukume kwa gia kubwa. Yenye turbo huumia kidogo tu, na magari ya umeme hayajali hewa.

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, tafuta mahali pa kuegesha, acha injini ipoe. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, hata ukiuzungushia kitambaa.

Nishuke kwa gia gani?

Madereva wa zamani wana kanuni: shuka kwa gia ile ambayo ungepandia mlima huo. Bado inafaa. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, acha injini ilishike gari, na tumia breki kwa vipindi: kanyaga kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha achia kabisa zipoe. Kuweka mguu juu ya pedali muda wote kwa kugusa kidogo kidogo ndiko kunakoziunguza.

Kwa nini jambo hili linasisitizwa hivi? Chukua gari la kilo 1,500 linaloshuka mita 1,000. Nishati inayopaswa kupotea njiani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Kama injini na upepo havikubeba sehemu yake, joto hilo lote linakwenda kwenye diski nne za chuma.

Gari lenye gia za kujiendesha nalo lina namna yake: tafuta herufi L, S au B, au tarakimu 2 na 3, au swichi ya kuchagua gia kwa mkono. Na usishuke kwa gia huru, ile inayoitwa nyutro, kwa kudhani unaokoa mafuta. Magari mengi ya kisasa hukata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kwa hiyo nyutro ndiyo inayotumia zaidi, tena unabaki na breki peke yake.

Nasikia harufu ya kuungua, na pedali imekuwa laini. Nifanye nini?

Simama mahali salama pa kwanza utakapopaona, si pa tatu. Subiri nusu saa au zaidi. Usimwagie magurudumu maji, maana diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka.

Kama gari halisimami kabisa: shusha gia moja baada ya nyingine, pampu pedali haraka haraka, vuta breki ya mkono taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia, na angalia kama kuna njia ya dharura. Milima yenye malori mengi mara nyingi ina vichochoro vya changarawe nzito vinavyopanda kando ya barabara. Vimewekwa kwa ajili ya hali hiyo hiyo, na gari dogo nalo linaruhusiwa kuingia.

Barabara ni nyembamba na tumekutana uso kwa uso. Nani ampishe mwenzake?

Nchi nyingi zina kanuni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, kwa sababu anayepanda akisimama ni shida kuondoka tena. Lakini lori au basi likiwa linashuka na wewe una gari dogo karibu na mahali papana, tumia busara, rudi nyuma. Uswisi wamelimaliza suala hili kisheria: kwenye barabara za milimani zenye alama ya honi ya posta, mabasi ya posta ndiyo yenye kipaumbele, na dereva wa gari dogo hufuata maelekezo ya dereva wa basi. Honi yao ya sauti tatu utaisikia kabla hujafika kwenye kona.

Ukungu ukishuka?

Mara nyingi haujashuka. Wewe ndiye uliyepanda ukaingia ndani ya wingu. Washa taa za chini na za ukungu kama zipo. Taa za juu, yaani fulu, zinagonga matone na kukurudishia mwanga machoni. Punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona, fuata mstari wa kushoto au wa kulia kulingana na upande mnaoendeshea, na usimfuate aliye mbele kwa kuamini taa zake, kwa sababu akikosea kona utakosea naye. Usisimame barabarani. Kama ni lazima usimame, toka kabisa nje ya lami.

Masikio yanaziba, mtoto anatapika, kichwa kinauma. Ni kawaida?

Masikio ni shinikizo la hewa: meza mate, tafuna kitu, piga miayo. Mtoto mchanga anyonye, hasa wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali ataumia zaidi.

Kichefuchefu hutokana na macho na sikio la ndani kutokubaliana. Anayetapika akae mbele, atazame mbali, aache simu. Dawa za kichefuchefu humezwa kabla ya safari, kwa sababu hali ikishaanza hazisaidii sana. Nyingi huleta usingizi, kwa hiyo dereva aziepuke.

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500 na huwapata zaidi wanaolala huko. Anayepita kwa saa moja au mbili anaweza kupata kichwa kizito tu. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba au kukosa pumzi akiwa amekaa, shukeni mara moja.

## Wanyama: wako wapi na lini

Kwa nini wanyama hupenda kukaa kando ya barabara?

Kwa sababu barabara inawapa vitu. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami hadi pembeni, na nyasi za pale hubaki mbichi kuliko za porini. Lami hutunza joto la mchana, ndiyo maana nyoka hujinyoosha juu yake jioni. Nafaka inayodondoka kutoka kwenye malori huwaita ndege na nyani. Mzoga wa jana huwaleta tumbusi na fisi, ambao nao hugongwa. Katika nchi zenye theluji, chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu huwavuta walao majani, maana majani yana chumvi kidogo. Hamu hiyo ya chumvi ni kubwa kweli: kwenye Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, tembo huingia kwenye mapango yenye giza kukwangua kuta kwa pembe zao ili waipate.

Tena, kwenye mteremko mkali barabara ndiyo sehemu pekee iliyo tambarare. Mnyama naye anaona hivyo hivyo.

Saa gani nina nafasi kubwa ya kuwaona?

Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza na saa ya mwisho kabla halijazama. Mchana wa jua kali wengi hupumzika kivulini, isipokuwa nyani, pimbi na ndege wakubwa wanaopaa na hewa ya moto. Siku ya mawingu na baridi wanyama hutembea hata adhuhuri.

Majira nayo yana neno. Katika nchi za kaskazini, kulungu hugongwa zaidi Oktoba na Novemba, wakati madume wanafukuza majike bila kuangalia kitu kingine. Katika nchi za joto, kiangazi huwakusanya wanyama penye maji, hivyo daraja na bonde ni mahali pa kupunguza mwendo.

Nitazame wapi ninapoendesha?

Wewe dereva, tazama barabara. Kazi ya kutafuta wanyama wape abiria, kila mmoja upande wake.

Jicho lisitafute mnyama mzima. Litafute mstari uliolala mahali penye miti iliyosimama, sikio linalopepea, kivuli kinachosogea bila upepo. Kwenye majabali angalia ukingo wa juu, pale jiwe linapokutana na anga. Na ukiona mmoja amevuka, usiongeze mwendo: yuko wa pili, mara nyingi mtoto.

Usiku naona macho yanang'aa. Ni mnyama gani?

Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya retina unaorudisha mwanga, ndio unaofanya macho yao yang'ae. Rangi hubadilika kulingana na pembe na umbali, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Urefu kutoka ardhini na mwendo vinasema zaidi: macho mawili ya chini yanayorukaruka ni tofauti na macho yaliyotulia juu kwenye usawa wa kifua cha mtu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba si wote wanaong'aa. Nguruwe wa aina zote na nyani hawana utando huo. Nguruwe pori mweusi kwenye lami nyeusi hatakupa onyo lolote, na mnyama yeyote aliyegeuza kichwa ni hivyo hivyo.

Ni barabara gani za milimani zinazojulikana kwa wanyama?

Ningeanza na uwanda wa Sanetti katika Milima ya Bale, Ethiopia. Barabara inapita juu ya mita 4,000, na ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako mtu akiwa ndani ya gari anaweza kumwona mbwamwitu wa Ethiopia akiwinda panya mchana kweupe. Waliobaki porini hawafiki 500, na barabara yenyewe ni miongoni mwa hatari zinazowakabili, kwa hiyo mwendo wa taratibu pale ni lazima.

Amerika Kaskazini ina Trail Ridge Road katika jimbo la Colorado, inayofika mita 3,713 na kufungwa majira ya baridi, na Going-to-the-Sun Road katika jimbo la Montana, ambako mbuzi weupe wa milimani husogea hadi karibu na maegesho ya Logan Pass. Ulaya, kwenye njia za juu za Alps, utasikia filimbi za marmot kabla hujawaona. Wanafanana na pimbi walionenepa.

Alama ya mnyama kando ya barabara ina maana gani hasa?

Kwamba wamewahi kugongwa hapo, au njia yao ya kale inakatiza hapo. Iamini. Palipo na fedha, njia hizo hujengewa vivuko. Barabara kuu inayopita hifadhi ya Banff, Kanada, ina vivuko 6 vya juu na 38 vya chini, pamoja na uzio, na migongano na wanyama imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kenya ina kivuko cha tembo chini ya barabara ya Nanyuki hadi Meru, kinachounganisha Mlima Kenya na nyika za kaskazini, na tembo wanakitumia tangu 2011.

## Ukikutana naye

Nisimame wapi nitazame?

Mahali penye maegesho, au palipopanuka, ambapo gari linalotoka nyuma litakuona mapema. Kamwe usisimame kwenye kona wala baada ya kilele, hata kama ni chui. Ajali nyingi za "kutazama mnyama" ni za gari kugonga gari. Umempita? Mpite. Endelea hadi penye nafasi ya kugeuzia.

Naweza kushuka, nisogee kidogo?

Gari likiwa bado linakuficha, mnyama hukuona kama kitu kimoja kikubwa kisicho na shida. Ukifungua mlango unakuwa mtu, na mahesabu yake yanabadilika. Sheria za hifadhi nyingi zinakataza kushuka kabisa. Penye ruhusa, kipimo cha hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ni kizuri kukumbuka: mita 91 kutoka kwa dubu na mbwamwitu, mita 23 kutoka kwa wanyama wengine. Binafsi kwa nyati naona hata hiyo ni karibu mno.

Tembo wamesimama barabarani. Nipige honi?

Hapana. Simama mbali, acha injini ikiwa inawaka, na hakikisha nyuma yako hakuna gari linalokuziba. Wape muda, wakitaka kuvuka watavuka. Usijipenyeze kati ya mama na mtoto, na usiwafuate kwa karibu mahali ambapo upande mmoja ni ukuta na mwingine ni korongo, kwa sababu hapo wao nao hawana pa kwenda.

Akigeuka na kukutazama, masikio yakiwa yametandazwa na kichwa kimeinuka, rudi nyuma polepole. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio yuko kwenye kipindi cha joto la kupanda, na huyo hana subira na mtu. Mpe nafasi mara mbili ya wengine.

Nyani wamezunguka gari. Kuwarushia chakula kuna ubaya gani?

Ubaya wake huupata anayekuja baada yako. Nyani aliyelishwa mara chache hujifunza kwamba gari ni ghala. Kwenye rasi ya Cape, Afrika Kusini, wamejifunza kufungua milango. Mnyama wa namna hiyo mwisho wake huuawa kwa sababu amekuwa hatari. Funga vioo, funga milango kwa kufuli, chakula kisionekane, ondoka taratibu. Kwa dubu ni hivyo hivyo.

Mnyama ametokea ghafla. Nikwepe au nigonge?

Breki kwa nguvu, usukani umenyooka. Wanaokufa kwa kukwepa mnyama mdogo mara nyingi wameuawa na mti, lori au korongo. Kwenye barabara ya mlima hakuna ukingo wa kukusamehe. Kama una nafasi ya kusogea kidogo ndani ya upande wako, elekea nyuma ya mnyama, kule alikotoka.

Wenye miguu mirefu ni hesabu tofauti: moose (kulungu mkubwa kuliko wote) wa nchi za kaskazini, ngamia, twiga. Gari linapiga miguu, na mwili wa mamia ya kilo unakuja kwenye kioo cha mbele. Hao fanya kila liwezekanalo usiwagonge, isipokuwa kutumbukia korongoni.

Ila suluhisho halisi ni la sekunde kadhaa kabla. Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu unahitaji karibu mita 70 kusimama, ukihesabu na muda wa kushtuka. Kwa 60 unahitaji kama 45. Taa za chini za magari mengi hazikuonyeshi vizuri zaidi ya mita 50 au 60. Maana yake, usiku kwa 80 unaendesha kwenye giza ambalo bado hujaliona. Tumia fulu pasipo na gari mbele, na uzishushe ukimwona mnyama amesimama akikukodolea, kwa sababu mwanga unampumbaza. Honi fupi hapo inasaidia. Kwa tembo, tazama swali lake hapo juu.

Kobe, kinyonga, nyoka?

Kobe na kinyonga, kama barabara iko tupu na unaonekana vizuri, wavushe upande ule waliokuwa wakielekea. Ukiwarudisha walikotoka wataanza upya. Usiwachukue nyumbani. Nyoka msubiri apite.

Nipige picha vipi bila kutikisika?

Zima injini, laza simu au lenzi juu ya sweta lililokunjwa kwenye ukingo wa dirisha, na ushushe kioo badala ya kupiga kupitia kioo. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, itakupa furaha kubwa kuliko kamera ya bei mbaya. Dereva hapigi picha gari likitembea.

## Yasiyo ya kila siku

Nimegonga mnyama. Nianze na lipi?

Toa gari barabarani, washa taa za tahadhari, angalia abiria, weka pembetatu nyuma kwa umbali wa kutosha, zaidi kama kuna kona. Usimsogelee mnyama aliyejeruhiwa, awe mdogo au mkubwa. Piga simu polisi au kwa mamlaka ya hifadhi, taja namba ya kibao cha kilomita kilicho karibu. Toa taarifa hata kama amekimbia, maana aliyejeruhiwa anaweza kuteseka kwa siku nyingi au kumshambulia mpita njia.

Kabla ya kuendelea na safari, angalia kama rejeta inavuja na kama taa zinawaka. Nyama iache: nchi nyingi zina sheria kali juu ya kuichukua bila kibali, hata kama ni wewe uliyemgonga.

Bima italipa?

Bima kubwa kwa kawaida hulipa uharibifu wa gari. Ya mtu wa tatu kwa kawaida hailipi. Picha za eneo na namba ya taarifa ya polisi ndizo zitakazoulizwa.

Nimekuta mtoto wa mnyama peke yake. Nimwokoe?

Mara nyingi hajaachwa. Swala na kulungu wengi huwaficha watoto wao majanini kwa saa kadhaa na kurudi kuwanyonyesha. Ondoka ili mama arudi. Akiwa kando ya mama aliyekufa, wapigie wahusika kama ilivyoelezwa kwenye swali la kugonga mnyama.

Gari la umeme linashukaje mlima?

Vizuri sana, kwa sababu mota hugeuka kuwa breki na kurudisha chaji. Ila ukichaji hadi asilimia 100 kileleni, betri haina pa kuweka nishati hiyo na msaada huo hupungua sana. Ukiwa juu, chaji ishie 80 au 90. Kwa kupanda, kumbuka kwamba umbali ulioandikwa kwenye dashibodi umehesabiwa kwa mwendo uliopita, si kwa mlima ulio mbele.

Nina mbwa ndani ya gari.

Mfunge mkanda wake au mweke kwenye kreti, vioo visifunguke vya kutosha kichwa kupita. Akibweka karibu na wanyama, ondokeni. Hifadhi nyingi hazimruhusu kabisa, kwa hiyo uliza mapema kama njia yako inapita ndani ya mipaka yake.

Giza limenikuta bado niko juu. Niendelee au nilale?

Kama una usingizi, usiendelee. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio havifanyi lolote. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo inywe kisha ulale dakika 20 mahali salama, halafu upime upya.

Kama uko macho na barabara iko wazi, endelea kwa 50 au 60, ukipumzika kila saa. Kulala ndani ya gari kunawezekana penye maegesho rasmi: vaa nguo nzito, acha kioo wazi kwa upana wa kidole, na usiache injini ikiunguruma kwa ajili ya joto, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu ya kukuamsha. Chakula kifungiwe kwenye buti. Mjulishe anayekusubiri kwamba utafika kesho, kabla simu haijaisha chaji.